Ukuaji halisi wa Pato la Taifa: jedwali moja, majibu matatu. Deflata ipi, na mwaka wa kizio una kazi gani?

mchambuzi_jedwali (swali)

Habari wakuu. Naomba ufafanuzi kuhusu hesabu ya ukuaji halisi wa Pato la Taifa, yaani ukuaji baada ya kuondoa athari za bei. Namba ninazoweka hapa ni za mfano tu, ili kila mtu aweze kuzikagua kwa kikokotoo:

2022: Pato la Taifa kwa bei za mwaka husika, shilingi trilioni 160.0; deflata, yaani fahirisi ya bei za vyote vinavyozalishwa ndani ya nchi, 120.0 (2015 = 100)
2023: shilingi trilioni 176.0, deflata 125.4

Tuchukulie pia kwamba mfumuko wa bei za mlaji mwaka 2023 ulikuwa asilimia 3.8.

Pato kwa bei za mwaka husika limekua kwa asilimia 10. Nikitoa mfumuko wa bei za mlaji, 10 − 3.8, napata 6.2. Nikitoa ongezeko la deflata, 10 − 4.5, napata 5.5. Nikigawanya badala ya kutoa, napata 5.26. Maswali yangu ni haya:

1. Lipi ndilo jibu, na kwa sababu gani?
2. Nahitaji mfululizo mmoja kuanzia 2008 hadi 2023. Jedwali la zamani la Tanzania Bara liko kwa bei za 2007, jipya liko kwa bei za 2015. Yanaunganishwaje?
3. Nilidhani mwaka wa kizio (mwaka ambao bei zake ndizo kipimo) ukibadilishwa, kinachobadilika ni ukubwa wa namba tu. Mbona hata asilimia za ukuaji wa miaka ileile hubadilika?
4. Nikijumlisha shughuli zote za kiuchumi kwenye jedwali sifikii Pato la Taifa lililoandikwa mstari wa chini. Kinachokosekana ni nini?

Nitashukuru mkijibu kwa namba.

---

hesabu_kwanza

Nachukua swali la 1, mengine nawaachia wenzangu.

Jibu ni 5.26. Thamani ya kitu ni bei mara kiasi. Kwa hiyo ukuaji wa thamani ni zao la ukuaji wa bei na ukuaji wa kiasi, na kilichoingia kwa kuzidisha hutolewa kwa kugawanya:

Pato halisi 2022 = 160.0 ÷ 120.0 × 100 = 133.33
Pato halisi 2023 = 176.0 ÷ 125.4 × 100 = 140.35
Ukuaji = 140.35 ÷ 133.33 − 1 = 0.0526

Kwenye Excel, kama pato liko safu ya B na deflata safu ya C, andika =(B3/B2)/(C3/C2)-1 kisha ishushe chini miaka yote. Fomula hii haijali kizio cha deflata ni mwaka gani, maana inatumia uwiano tu: fahirisi inayotoka 120.0 kwenda 125.4 na ile inayotoka 100.0 kwenda 104.5 zinasema jambo moja.

Kutoa ni njia ya mkato. Bei zikiwa zimetulia haikupotezi sana, hapa imekosea kwa pointi 0.24 za asilimia. Lakini chukua nchi ambayo pato kwa bei za mwaka husika limekua kwa asilimia 60 na bei zimepanda kwa asilimia 40. Kwa kutoa unapata 20. Kwa kugawanya, 1.60 ÷ 1.40, unapata 14.3. Hapo tofauti inabadilisha kabisa hadithi ya uchumi wa nchi hiyo. Kadiri bei zinavyopanda, ndivyo mkato huu unavyoharibu, na siku zote unaharibu kwa kuzidisha ukuaji pale bei na kiasi vyote vinapopanda.

Sasa kuhusu ile 6.2. Hapa kuna makosa mawili yaliyopandana: umetoa badala ya kugawanya, na umetumia fahirisi isiyohusika. Fahirisi ya bei za mlaji inafuata kapu la vitu ambavyo kaya hununua: unga, nauli, kodi ya nyumba, mafuta ya taa, nguo. Ndani ya kapu hilo mna bidhaa zilizotoka nje ya nchi. Deflata ya Pato la Taifa inafuata kila kinachozalishwa ndani, hata kama hakuna kaya inayokinunua: dhahabu, korosho ghafi zinazosafirishwa, barabara, majengo, huduma za serikali.

Angalia mwaka 2020. Mwezi Agosti bei ya dhahabu ilivuka dola 2,000 kwa aunsi. Kwa nchi inayochimba dhahabu kama Tanzania, hilo linavuta juu bei ya uzalishaji wa ndani na kuingia kwenye deflata, ilhali kapu la mlaji haliguswi, kwa sababu mama lishe hanunui vipande vya dhahabu ghafi. Kinyume chake, mafuta ya petroli yakipanda kwenye soko la dunia, mlaji anaumia mara moja na fahirisi yake inapanda, lakini Tanzania na Kenya hazizalishi mafuta hayo, kwa hiyo bei yake ya kuagiza haiingii kwenye deflata kama bei ya kitu kilichozalishwa hapa. Mwaka wa namna hiyo, ukigawanya pato kwa fahirisi ya mlaji utaona uchumi umesinyaa kuliko ilivyo kweli.

Angalizo jingine la kiutendaji: fahirisi ya bei za mlaji ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu ya Tanzania (NBS) ina kizio cha 2020, Pato la Taifa lina kizio cha 2015. Mtu akichukua pato la 2023 kwa bei za mwaka husika, akaligawanya kwa fahirisi yenye 2020 = 100, kisha akaliweka pembeni ya pato la miaka mingine kwa bei za 2015, atakuwa ameweka kwenye safu moja shilingi za aina mbili.

La mwisho kwangu, na wengi hulipita. Deflata ya jumla ni matokeo ya hesabu, haikuwa mwanzo wake. Ofisi ya takwimu haichukui Pato la Taifa zima ikaligawanya kwa fahirisi moja. Inaondoa athari za bei kwenye bidhaa na shughuli moja moja, inajumlisha, halafu ndipo inapata deflata kwa kugawanya pato la bei za mwaka husika kwa pato halisi. Kwa hiyo kama jedwali lina pato kwa bei za 2015, chukua hilo moja kwa moja. Usilitafute upya kupitia deflata iliyokwisha kufupishwa: deflata iliyoandikwa 125.4 inaweza kuwa chochote kati ya 125.35 na 125.45, na ya mwaka uliotangulia vivyo hivyo, kwa hiyo ukuaji wako unaweza kupinda kwa hadi karibu pointi 0.09. Ikiwa imeandikwa bila desimali, yaani 120 na 125, unaweza kupinda kwa karibu pointi 0.9. Kwenye uchumi unaokua kwa asilimia 5, hiyo haivumiliki.

---

Takwimu_za_Pwani

Swali la 3 ndilo lenye mafuta. Tutumie uchumi mdogo wenye bidhaa mbili, mahindi na dakika za maongezi ya simu. Tena, namba za mfano:

2015: magunia 1,000 ya mahindi kwa sh 50,000, dakika 100,000 kwa sh 200
2020: magunia 1,100 kwa sh 60,000, dakika 300,000 kwa sh 80

Thamani ya 2015 ni milioni 50 + milioni 20 = milioni 70. Thamani ya 2020 kwa bei za mwaka huohuo ni milioni 66 + milioni 24 = milioni 90.

Kwa bei za 2015, uzalishaji wa 2020 ni 1,100 × 50,000 + 300,000 × 200 = milioni 55 + milioni 60 = milioni 115. Ukuaji: 115 ÷ 70, asilimia 64.3.

Kwa bei za 2020, uzalishaji wa 2015 ni 1,000 × 60,000 + 100,000 × 80 = milioni 60 + milioni 8 = milioni 68. Ukuaji: 90 ÷ 68, asilimia 32.4.

Magunia ni yaleyale, dakika ni zilezile, na hakuna aliyekosea. Kilichobadilika ni uzito. Dakika zimeongezeka mara tatu. Ukizipima kwa sh 200 zinabeba uzito mkubwa na kuvuta ukuaji juu. Ukizipima kwa sh 80 zinabeba uzito mdogo. Na kwa kawaida vitu vinavyokua haraka ndivyo vinavyoshuka bei, kwa hiyo kizio kinavyozidi kuzeeka ndivyo ukuaji unavyoelekea kuonekana mkubwa kuliko ulivyo kwa bei za leo. Simu na kompyuta ndiyo mifano ya wazi.

Na kuna jambo zuri hapa ambalo linamrudia hesabu_kwanza. Deflata kutoka kizio cha 2015 ni 90 ÷ 115 × 100 = 78.3. Lakini ukitengeneza fahirisi ya bei kwa kapu lisilobadilika la 2015, namna fahirisi ya mlaji inavyotengenezwa, unapata 68 ÷ 70 × 100 = 97.1. Moja inasema bei zimeshuka kwa asilimia 21.7, nyingine kwa asilimia 2.9. Ya kwanza ni ya Paasche, inatumia viasi vya mwaka wa sasa. Ya pili ni ya Laspeyres, inatumia viasi vya mwaka wa kizio. Sasa gawanya milioni 90 kwa 0.971: unapata karibu milioni 92.6, na ukuaji wa asilimia 32.4, sawasawa na ule wa bei za 2020. Kwa hiyo anayegawanya kwa fahirisi yenye kapu la zamani anadhani anapata pato kwa bei za 2015, kumbe amepata ukuaji wenye uzito wa 2020. Ndiyo maana hesabu yake haitalingana na jedwali la ofisi hata akiwa makini kwenye desimali.

Njia ya kati ni ya Fisher: zidisha vipimo viwili vya ukuaji, kisha chukua kipeuo cha pili chake. Kipeuo cha pili cha 1.643 × 1.324 ni 1.475, yaani asilimia 47.5. Marekani hutumia njia hii mwaka kwa mwaka na kuunganisha kama pingu za mnyororo, na jedwali lao sasa linaandikwa kwa dola za mnyororo za 2017. Faida yake ni kwamba uzito hauzeeki. Hasara yake ni kwamba sehemu haziwi sawa na jumla ukienda mbali na mwaka wa rejea, jambo linalowasumbua sana wanaopenda majedwali yafunge.

Usisahau pia kwamba ofisi ikibadilisha mwaka wa kizio haibadilishi bei peke yake. Inaingiza tafiti mpya za viwanda, kaya na kilimo, inaingiza shughuli ambazo hazikuwepo kwenye hesabu, inapanga upya shughuli za kiuchumi. Nigeria mwezi Aprili 2014 ilihama kutoka kizio cha 1990 kwenda 2010, na Pato la Taifa la 2013 likapanda kwa asilimia 89 kwenye karatasi. Miaka 20 ya kukaa kwenye bei na orodha ya 1990 iliacha nje sehemu kubwa ya simu na filamu. Kenya, Septemba 2014, ilihama kutoka 2001 kwenda 2009: pato la 2013 likaongezeka kwa robo hivi, asilimia 25.3, na ukuaji wa mwaka huohuo wa 2013 ukarekebishwa kutoka asilimia 4.7 hadi 5.7. Huo ndio ushahidi wa swali lako. Na ona mwelekeo wake: uliongezeka. Bei peke yake mara nyingi huvuta ukuaji chini kizio kikisogezwa mbele, lakini takwimu mpya za shughuli zinaweza kuuvuta juu zaidi. Ukitaka kujua kilichotokea, soma ripoti ya marekebisho yenyewe, usikisie kwa kanuni ya kitabuni.

---

Nairobi_Uchumi

Kwa swali la pili, njia ni kuunganisha kwa mwaka ambao majedwali yote mawili yanao. Kanuni ni moja: ukubwa chukua kwenye jedwali jipya, ukuaji wa zamani chukua kwenye jedwali la zamani.

Namba za mfano. Jedwali la zamani, bei za 2007, trilioni:

2013: 40.0
2014: 42.8
2015: 45.8

Jedwali jipya, bei za 2015:

2015: 96.0

Hatua ya kwanza, tafuta kigezo cha kuunganisha: 96.0 ÷ 45.8 = 2.0961. Acha desimali zote kwenye seli, usikifupishe.

Hatua ya pili, zidisha kila mwaka wa zamani: 2014 inakuwa 42.8 × 2.0961 = 89.71, 2013 inakuwa 40.0 × 2.0961 = 83.84.

Hatua ya tatu, kagua. 89.71 ÷ 83.84 ni 1.070, na 42.8 ÷ 40.0 ni 1.070. Ukuaji wa zamani umebaki kama ulivyo. Usipolingana, kuna seli umeikosea.

Ukibandika tu 42.8 ya 2014 juu ya 96.0 ya 2015 utapata uchumi uliokua kwa asilimia 124 kwa mwaka mmoja. Hilo mtu analiona mara moja. Hatari kubwa zaidi ni pato kwa bei za miaka husika, kwa sababu pale mruko ni wa asilimia kadhaa au ishirini na kitu, na unaweza kupita kama ukuaji wa kawaida. Deni la taifa likigawanywa kwa pato jipya linaonekana limeshuka, makusanyo ya kodi yanaonekana dhaifu, na hakuna kilichobadilika mitaani. Pato kwa bei za miaka husika nalo liunganishe, lakini kwa kigezo chake lenyewe, halafu deflata ipate kutoka kwenye mifululizo miwili iliyokwisha kuunganishwa. Ukiunganisha vyote vitatu kila kimoja peke yake, havitalingana.

Kabla ya kufanya yote hayo, tafuta kama ofisi yenyewe imeshatoa mfululizo wa nyuma. NBS na KNBS (ofisi ya takwimu ya Kenya) hutoa miaka ya nyuma kwa kizio kipya kila wanapobadilisha. Mfululizo huo ni bora kuliko wowote utakaoutengeneza wewe, maana wao wana takwimu za ndani za kila shughuli. Unganisha mwenyewe kwa ile miaka tu ambayo haikufikiwa.

Na kama unaunganisha sekta, fanya kila sekta kwa kigezo chake na jumla kwa kigezo chake. Jumla ya sekta zilizounganishwa haitakuwa sawa na jumla iliyounganishwa. Tofauti hiyo iandike kwenye safu yake peke yake. Wapo wanaoigawa kwa sekta ili jedwali lifunge. Wakifanya hivyo wanabadilisha ukuaji wa kila sekta bila kumwambia msomaji.

Kwa wanaochukua data Benki ya Dunia: NY.GDP.MKTP.KN ni pato halisi kwa sarafu ya nchi, NY.GDP.MKTP.KD ni kwa dola za bei za 2015, NY.GDP.DEFL.ZS ni deflata. Kizio cha deflata pale kinafuata cha nchi, kwa hiyo ya Kenya na ya Tanzania hazina 100 kwenye mwaka mmoja. Usizilinganishe kwa ukubwa wake. Linganisha mabadiliko yake.

---

shughuli_21

Swali la 4. Kinachokosekana ni kodi katika bidhaa. Shughuli za kiuchumi, kuanzia kilimo hadi huduma za kaya, hupimwa kwa bei za msingi, yaani kile anachobaki nacho mzalishaji. Pato la Taifa la mstari wa chini liko kwa bei za soko. Daraja kati yake ni VAT, ushuru wa forodha na ushuru wa bidhaa, ukitoa ruzuku za bidhaa. Kwenye jedwali la Kenya kuna pia mstari wa huduma za fedha zinazopimwa kwa njia isiyo ya moja kwa moja (yaani zile ambazo benki hulipwa kupitia tofauti ya riba), nao hutolewa. Mistari hiyo nayo ina pato halisi lake na ukuaji wake. Kwa hiyo inawezekana shughuli zote zikue kwa asilimia 5.0 na Pato la Taifa likue kwa 5.3.

Mkuu, ukiwa tayari uko kwenye sekta, zingatia jinsi athari za bei zinavyoondolewa, kwa sababu hapo ndipo makosa makubwa hutokea. Thamani inayoongezwa ni uzalishaji ukitoa malighafi na huduma zilizotumika. Ni tofauti ya vitu viwili vyenye bei mbili tofauti. Chukua kiwanda cha mikate, namba za mfano:

Mwaka wa kizio: uzalishaji 100, ngano, mafuta na umeme 60, thamani iliyoongezwa 40.
Mwaka unaofuata: mikate imeongezeka kwa asilimia 5 na bei yake asilimia 10, ngano na mengineyo yametumika zaidi kwa asilimia 5, lakini bei yake imepanda kwa asilimia 30.

Kwa bei za mwaka husika: uzalishaji 100 × 1.05 × 1.10 = 115.5, malighafi 60 × 1.05 × 1.30 = 81.9, thamani iliyoongezwa 33.6.

Ukigawanya 33.6 kwa bei ya mkate, 1.10, unapata 30.5. Kiwanda kimeanguka kwa asilimia 23.6! Lakini mikate imeongezeka, na ngano kwa kila mkate ni ileile. Hesabu sahihi ni kuondoa bei pande zote mbili: 115.5 ÷ 1.10 = 105; 81.9 ÷ 1.30 = 63; 105 − 63 = 42. Ukuaji ni asilimia 5. Deflata ya thamani iliyoongezwa ni 33.6 ÷ 42 × 100 = 80, yaani imeshuka kwa asilimia 20 wakati mkate umepanda bei. Usishtuke kuona hivyo: kiwanda kimebanwa, faida yake imeliwa na bei ya ngano, lakini kazi kimefanya.

Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha ngano, mbolea na mafuta, hali hii ilikuwa kila mahali. Yeyote aliyegawanya thamani iliyoongezwa ya viwanda au usafirishaji kwa fahirisi moja ya bei ya mauzo alipata anguko ambalo halikuwepo kwenye uzalishaji.

Njia ya pande mbili inataka fahirisi nzuri za bei za malighafi na jedwali la ugavi na matumizi (linaloonyesha bidhaa zimetoka wapi na zimetumika wapi) lililo hai. Fahirisi hizo zikiwa dhaifu, unaweza kupata hata thamani hasi, hasa pale malighafi ni asilimia 80 au 90 ya uzalishaji, kama kusaga nafaka au kusafisha mafuta. Hapo ni salama zaidi kukuza thamani ya mwaka wa kizio kwa kiasi cha uzalishaji: 40 × 1.05 = 42. Kwa kilimo tumia tani, kwa umeme kilowati-saa, kwa saruji tani. Kwa biashara ya jumla na rejareja, kiasi cha bidhaa zilizopita dukani. Njia hii inadhani uwiano wa malighafi kwa zao haubadiliki, na kwa mwaka mmoja au miwili dhana hiyo inavumilika.

---

mchambuzi_jedwali

Asanteni sana wakuu, nimeelewa kuliko nilivyotarajia. Nina mambo mawili yamebaki. Nataka kuonyesha kila sekta imechangia pointi ngapi kwenye ukuaji, na nina data za robo mwaka. Je, deflata ya mwaka ni wastani wa deflata za robo nne?

---

hesabu_kwanza

Hapana, si wastani wa kawaida. Jumlisha robo nne kwa bei za mwaka husika, jumlisha robo nne za pato halisi, kisha gawanya. Robo yenye mavuno inabeba uzito mkubwa kuliko robo ya kiangazi, na wastani wa kawaida unazipa zote uzito sawa.

Kwa ukuaji wa robo mwaka, linganisha na robo ileile ya mwaka uliopita. Ukilinganisha robo ya pili na ya kwanza bila kuondoa athari za msimu, unachopima ni kalenda ya mvua na mavuno.

Mchango: ukuaji wa sekta mara uzito wake wa mwaka uliotangulia, na kwenye jedwali la kizio kimoja uzito huo utoke kwenye pato halisi. Sekta yenye asilimia 30 ya pato halisi ikikua kwa asilimia 4 imechangia pointi 1.2. Ukichukua uzito wa bei za mwaka husika, tuseme asilimia 26, unapata 1.04, na michango yote ukiijumlisha haitalingana na ukuaji wa taifa. Ni njia nzuri ya kukagua jedwali: michango isipolingana, uzito umechukuliwa safu isiyo yake.

---

Nairobi_Uchumi

Naongeza matatu kwa haraka.

Miaka yote miwili itoke kwenye chapisho moja. Ukuaji wa Kenya wa 2021 ulitangazwa asilimia 7.5, mwaka uliofuata ukarekebishwa kuwa 7.6. Anayechukua pato la 2021 kwenye kitabu cha kwanza na la 2022 kwenye kitabu cha pili anahesabu marekebisho kama ukuaji.

Usipime ukuaji kwa dola za soko. Mwaka 2023 shilingi ya Kenya ilitoka karibu 123 kwa dola mwezi Januari ikafika zaidi ya 156 mwezi Desemba. Pato kwa dola lilishuka mwaka ambao pato halisi lilikua kwa zaidi ya asilimia 5.

Na ukitaka wastani wa miaka mingi, usijumlishe asilimia ukagawanya. Chukua pato halisi la mwisho, gawanya kwa la mwanzo, kisha chukua kipeuo kulingana na idadi ya vipindi. Kutoka 2015 hadi 2023 ni vipindi 8. Wengi huandika 9 kwa sababu wamehesabu miaka. Excel: =(B10/B2)^(1/8)-1.

---

Takwimu_za_Pwani

Kwa anayeandika kuhusu maisha ya watu, kuna mgawanyo mmoja zaidi baada ya deflata. Sensa ya Tanzania ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120, na ongezeko la asilimia 3.2 kwa mwaka tangu sensa ya 2012. Ukuaji halisi wa Tanzania mwaka 2022 ulikuwa asilimia 4.7. Kwa kila mtu ni 1.047 ÷ 1.032 − 1, yaani asilimia 1.5 hivi. Hapa nako ni kugawanya. Naona habari nyingi zinaishia kwenye 4.7, na msomaji anabaki anajiuliza mbona mfukoni hakuonekani. Namba ya pili inamjibu, nayo inapatikana kwa seli moja.

Na mchambuzi_jedwali, takwimu za NBS unazotumia ni za Tanzania Bara. Za Zanzibar hutolewa na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali kule, nazo kizio chake ni 2015. Kichwa cha jedwali lako kiseme wazi ni ya upande upi, na kila safu iandikwe "bei za 2015" au "bei za mwaka husika". Jedwali lisilo na maneno hayo mtu mwingine hawezi kulitumia.